Tumbili wa Entebbe, panya buku wa Accra: magonjwa yanayokulia njiani (uzi mrefu kidogo)

Fundi Vizimba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kufagia mavi ya ndege. Mwaka 1998, nje kidogo ya mji wa Arusha, kulikuwa na banda la mfanyabiashara wa wanyama hai. Leseni anayo, vibali anavyo. Simtaji jina na wala sina ugomvi naye. Upande mmoja walikuwapo cherero, vile vikasuku vya kijani vyenye kifua cha rangi ya machungwa, mamia kwa mamia, vizimba vya waya vimepandishwa kimoja juu ya kingine hadi karibu na bati. Chini yao kobe, ndani ya maboksi ya mbao. Mavi ya walio juu yanawadondokea walio chini. Upande wa pili vinyonga wananing'inia kila mmoja kwenye kifuko chake cha kitambaa. Mwisho kabisa, karibu na choo, tumbili. Wakiletwa walikuwa wanarukaruka na kutukoromea. Wiki ya pili wamejikunyata kwenye kona, wanaharisha, hata ndizi hawaitazami.

Nilikuwa nafagia mavi makavu, na vumbi lake nalivuta. Nikashikwa na homa na kikohozi kikavu karibu wiki tatu. Zahanati wakanipa dawa ya malaria, nikapata nafuu mwenyewe, nikarudi kazini. Miaka mingi baadaye nikiwa darasani, mwalimu akaeleza homa ya kasuku: bakteria anakaa kwenye kinyesi cha ndege, kikikauka anaingia kifuani pamoja na vumbi. Nilikunja mikono nikamsikiliza kama mtu anayesomewa barua yake.

Siku hizi natafiti magonjwa ya wanyamapori na namna yanavyosafiri na biashara ya kimataifa. Nikisema hivyo kwenye msiba au harusini, swali ni lile lile: "Mnyama gani hatari zaidi?" Nimelichoka, ndiyo maana nimeanzisha uzi. Mnyama akiwa kwao ana vimelea vyake, wamezoeana vizazi na vizazi. Mtazameni mnyama kidogo, mtazameni zaidi gunia, boksi, banda la kusubiria ndege, ghala la ng'ambo na duka. Nitawapa visa viwili vitatu mtaniambia.

Nianze na cha karibu yetu.

Agosti 1967, wafanyakazi wa maabara mjini Marburg, Ujerumani Magharibi, wakaanza kuugua. Homa, kuharisha, halafu damu. Frankfurt nako hivyo hivyo, na Belgrade, Yugoslavia. Jumla watu 31, saba wakafa. Waliougua kwanza wote walikuwa wamegusa tumbili au viungo vya tumbili waliopakiwa Entebbe, Uganda, ambao figo zao zilitumika kuotesha seli za kutengenezea chanjo ya polio.

Kinachonivutia mimi ni safari yenyewe. Juni mwaka ule vita ya siku sita kati ya Israeli na majirani zake ilivuruga ruti za ndege, tumbili wakapitishwa London, wakalazwa kwenye banda la wanyama la uwanja wa ndege, mahali wanapopita wanyama wa kila nchi. Waliofika Belgrade walikufa kwa wingi kuliko kawaida. Lakini mnyama kufa safarini ilikuwa ni jambo la kuandika kwenye daftari. Nalijua hilo daftari, hata sisi tulikuwa nalo: "wamekufa 14", sahihi, kesho yake ukurasa mpya.

Tumbili siye mwenyeji wa virusi hivyo. Vinamuua na yeye. Mwenyeji ni popo mla matunda anayelala mapangoni. Virusi hai vilipatikana ndani ya popo wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Sasa oneni jina. Kagera wamezika watu 6 mwaka 2023 kule Bukoba, na wengine 10 Biharamulo katika mlipuko uliotangazwa Januari 2025, kwa ugonjwa wenye jina la mji wa Ujerumani ambako popo hao hawaishi. Mji ule uliwekwa kwenye ramani ya magonjwa na boksi la tumbili.

Naendelea, nipate chai kwanza.

Kipanga wa Kimara

Nimekaa mkao wa kula. Mkuu usije ukatuachia njiani kama wale wa "itaendelea".

Mama Chanja

Mimi muuguzi, hiyo ya kupewa dawa ya malaria kwa kila homa umenigusa pabaya. Endelea baba.

Mluguru Halisi

Kwenye kichwa umetaja panya buku. Huku Morogoro panya buku ni wafanyakazi, wana hadi medali. Usituharibie.

Fundi Vizimba

@Mluguru Halisi tulia, nakuja hapo hapo.

Tarehe 9 Aprili 2003, mzigo wa wanyama wadogo kama 800 ulitoka Ghana ukatua Texas. Humo mlikuwa na panya buku, kindi wa aina mbalimbali, nungu wa mkia wa brashi, panya milia na panya-miti. Wote bidhaa halali, wa kufugwa majumbani. Baadhi yao wakauzwa kwa mfanyabiashara wa Illinois, naye akawaweka jirani na prairie dog, wale kindi wa ardhini wa Marekani ambao Wamarekani wanawapenda kama sisi tunavyopenda paka. Virusi vya mpox vikavuka kutoka kizimba hadi kizimba. Wale prairie dog wakauzwa minadani na madukani. Mwezi Mei mtoto mdogo Wisconsin aling'atwa na prairie dog aliyenunuliwa na wazazi wake, vipele vikaanza.

Ikafika watu 47, waliothibitishwa na waliodhaniwa, katika majimbo sita. Hakufa mtu. Lakini shikeni hili: wote walipata kwa prairie dog. Hakuna hata mmoja aliyepata moja kwa moja kwa panya buku wa Accra. Mnyama wa Marekani aliyezaliwa Marekani, asiyewahi kusikia harufu ya Afrika, ndiye aliyewaambukiza Wamarekani, kwa sababu alilala wiki kadhaa jirani na mgeni. Mwezi Juni wakapiga marufuku kuingiza panya na kindi wote kutoka Afrika, marufuku nyepesi kuandika. Nani apange vizimba vipi kwenye ghala la Illinois, hilo ni gumu zaidi.

Na kichekesho: mpox ilijulikana kwanza 1958 kwenye maabara ya Copenhagen, kwa nyani waliosafirishwa kutoka Singapore. Ndiyo ikaitwa ndui ya nyani, na nyani hana hatia. Walimwona yeye kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kwenye boksi.

Nipo Milwaukee

Mkuu hiyo 2003 nilikuwa nimefika huku hata mwaka sijamaliza. Kazini mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Eti kwenu mnafuga hawa panya wakubwa ndani?" Nikamwambia hapana mama, kwetu mtu akimwona anatafuta rungu. Alinitazama kama muuaji. Yeye alikuwa amenunua kindi wawili, mmoja anamlaza kitandani.

Kipanga wa Kimara

Kuna makabila hapa nchini hawatafuti rungu, wanatafuta chumvi 😂

Mluguru Halisi

Tusitaniane. Hao wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wananusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB. Magawa alizaliwa hapa Morogoro, akaenda Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Sasa mwenzetu anasema panya buku ni mpox.

Fundi Vizimba

Sijasema hivyo, na mfano wako ndio unaoninufaisha. Magawa alizaliwa bandani, mama yake anajulikana, daktari wake anajulikana, alilala kwenye chumba chake na hakupangwa chini ya kasuku. Aliposafiri kwenda Kambodia alipimwa kama balozi. Yule wa Accra alichimbuliwa shimoni, akatiwa gunia moja na asiowajua, akabebwa, akauzwa, akauzwa tena. Panya ni wa ukoo ule ule. Safari ndiyo tofauti.

Mzee wa Leseni

Nimesoma kimya kimya sasa naomba niseme. Mimi nilikuwa kwenye hiyo biashara miaka zaidi ya ishirini. Ndege, mijusi, kobe, kinyonga. Kodi nimelipa, vibali nimekata, nimesomesha watoto watano. Marufuku ya 2016 ya kusafirisha wanyama hai nje ya nchi ilinikuta na wanyama bandani, nikawalisha kwa pesa ya mfukoni huku nikisubiri. Juni 2022 ikatangazwa tupewe miezi sita tuuze waliobaki, hata hatujafungua maboksi ikasitishwa. Sasa mnakuja wasomi na kusema tulikuwa tunasafirisha magonjwa. Korona ilitoka kwa nani? Mbona ndege zao hazikufungiwa? Kila siku Afrika ndiyo chanzo.

Fundi Vizimba

Shikamoo mzee. Karibu sana, wewe ndiye mtu niliyetaka aje.

Kwanza, hilo la Afrika kuwa chanzo cha kila kitu, nipo upande wako. Ugonjwa uliomaliza spishi nyingi kuliko wowote katika biashara hii haukutoka kwetu. Ni fangasi wa ngozi ya vyura, anaitwa chitridi. Utafiti wa jeni wa mwaka 2018 ulimfuatilia hadi Asia Mashariki, kwenye rasi ya Korea, na kuona alisambaa karne ya 20 vyura walipoanza kuuzwa duniani kwa ajili ya maabara, vyakula na mapambo ya majumbani. Mwaka 2019 wanasayansi walihesabu spishi 501 za vyura na jamaa zao zilizopungua kwa sababu yake, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka kabisa.

Kihansi mnakukumbuka? Wale vyura wadogo wa manjano, wa kuenea juu ya ukucha wa kidole gumba, tunaowatania kwamba walipata viza ya Marekani kabla yetu. Korongo lao lilikuwa linanyeshewa mvuke wa maporomoko ya maji usiku na mchana. Maji yakapelekwa kwenye mitambo ya umeme, mvuke ukapungua, ndiyo vyura 499 wakapelekwa Marekani mwaka 2000 kufugwa. Waliobaki wakawekewa mabomba ya kunyunyizia, wakaanza kuongezeka vizuri, hadi 2003 wakaporomoka ndani ya miezi michache. Watafiti walipowapima wakamkuta fangasi yule. Mwaka 2009 wakaandikwa kuwa wametoweka porini, na 2012 ndipo wengine wakaanza kurudishwa korongoni. Kwa hiyo mzee, mzigo unaingia pia. Tena unaingia kwa wasiouza wala kununua chochote. Chura wa Kihansi hakuwa na leseni.

Pili, na hapa tutatofautiana kidogo. Sikuiti msafirisha magonjwa. Nasema mnyororo wenyewe ndio unaozalisha. Kuna utafiti wa Vietnam naupenda kwa sababu unahesabika hata kwa vidole. Kule watu wanakula panya wa mashambani, na ni chakula kizuri tu. Watafiti walipima panya katika kila hatua, sampuli za 2013 na 2014. Kwa wachuuzi wanaowanunua kwa watega mitego, karibu asilimia 21 walikuwa na virusi vya jamii ya korona (siyo ile ya 2020, ni jamaa zake). Sokoni asilimia 32. Wanapofika mgahawani, wangali hai wanasubiri sufuria: karibu asilimia 56. Panya ni wale wale wa shamba lile lile.

Ni kama bweni la kidato cha kwanza likiingiwa na mafua. Watoto wamebanana, hawalali, chakula kibaya, wamelia wamemkumbuka mama, kinga imeshuka, na kila Ijumaa mkuu wa shule analeta wengine wapya ambao hawajaugua. Mafua hayaishi mpaka shule ifungwe. Banda la wanyama hai halifungwi. Sisi tulikuwa tunapokea mzigo mpya kizimba hakijakauka maji ya kuoshea.

Dogo wa Mazimbu

Hapa ndipo nimeelewa kitu nilichokariri miaka miwili. Mwalimu anaita "ukuzaji wa maambukizi kwenye mnyororo wa ugavi". Bweni la kidato cha kwanza ni rahisi zaidi.

Swali: mnyama akipita uwanja wa ndege na kibali cha CITES (ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori) si anakuwa amekaguliwa?

Fundi Vizimba

Dogo, hilo ni shimo ambalo hata waheshimiwa wanatumbukia. CITES ni mkataba wa 1973, Tanzania tumeingia 1979. Kibali chake kinauliza kama spishi hii itaisha porini tukiuza. Hakiulizi kama huyu aliyemo ndani ya boksi anaumwa. Tumbili yumo kwenye orodha ya CITES lakini afya yake haiulizwi, panya buku hata kwenye orodha hayumo. Upande wa pili kuna madaktari wa mifugo, macho yao yako kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na ni haki, huko ndiko kwenye uchumi. Madaktari wa binadamu nao wanasubiri mtu augue. Katikati hapo mnyamapori anapita na mkia wake.

Mwaka 2009 mwanaikolojia Katherine Smith wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walichapisha hesabu ya Marekani. Kati ya 2000 na 2006 nchi ile moja iliingiza wanyama hai zaidi ya bilioni 1.4. Kumbuka hapo kuna samaki wa mapambo wengi mno, usidhani ni simba. Mizigo iliyoandikwa hadi jina la spishi haikufika asilimia 14. Mingine ni "samaki wa kitropiki", "mijusi", basi. Utapimaje ugonjwa wa mnyama ambaye hata jina lake hujaliandika?

Na hiyo ni njia halali. Oktoba 2004, Brussels, maofisa wanatafuta dawa za kulevya kwa abiria aliyetoka Bangkok, wanakuta tai wawili hai ndani ya mkoba wa mkononi. Wamepimwa: mafua ya ndege, H5N1. Mwenye mkoba amekaa na abiria wenzake safari nzima, mafua yako pale kwenye kabati la mizigo juu ya vichwa vyao. Waliofanya kazi kule wanajua hawakukamatwa kwa ustadi, ni bahati tu ya siku hiyo.

Mzee wa Leseni

Sasa si ndiyo hoja yangu! Ukifunga njia halali anabaki huyo wa mkoba. Mimi mnyama wangu daktari anakuja, anatia mhuri. Wa mkoba nani atamtia mhuri?

Fundi Vizimba

Mzee, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Marufuku ikiwa peke yake, bila macho mipakani, inawahamisha wanyama kutoka boksi lenye matundu ya hewa kwenda soksi na chupa za maji zilizokatwa. Machi 2016 wale tumbili 61 waliozuiwa pale KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) wakielekea Albania walikuwa na karatasi zao. Zile karatasi ndizo zilizofanya waonekane.

Ila tuambiane ukweli kuhusu mhuri. Wewe umekaa bandani, mimi nimekaa bandani. Daktari alikuwa anakuja saa ngapi? Kwetu alikuwa anakuja mchana wa siku ya kusafirisha, maboksi yameshapigwa misumari. Anachungulia kwenye matundu, anasikia ndege wanalia, anatia mhuri. Hakuwa mla rushwa hata kidogo. Alikuwa mmoja, na maboksi yalikuwa 90, na ndege inaondoka usiku. Angefanya nini?

Ndiyo maana mimi si muumini wa kufunga kila kitu milele, na wenzangu wengi kazini hawanipendi kwa hilo. Nachotaka ni wachache, waliozalishwa bandani, wasichanganywe, wakae karantini kweli, na ng'ambo nako ghala lao likaguliwe kama letu. Wenye pesa ya kununua kinyonga kwa dola wana pesa ya kumpima. Kama hilo linaifanya biashara isilipe, basi haikuwa inalipa tangu mwanzo. Hasara alikuwa anabeba mwingine, mtoto wa Wisconsin au mfagiaji wa Arusha.

Bukavu243

Bandugu, miye niko Bukavu, nasoma hii uzi polepole. Musisahau kitu moja. Mpox ya huku kwetu 2023, ile ya Kamituga, haikupita kwa biashara ya nyama. Kamituga ni mji ya dhahabu, batu banatoka fasi yote, na ugonjwa ilikuwa inatoka mtu kwa mtu. Lakini batu ba nje banasema tu "banakula tumbili". Inauma.

Fundi Vizimba

Asante ndugu yangu, na pole. Ni kweli tupu. Virusi vikishajifunza njia ya mtu kwa mtu, mnyama ameshatoka kwenye hadithi, na kumlaumu mla nyama ya pori hakumponyi mgonjwa wa Kamituga. Kwa ajili hiyo hiyo naogopa zaidi kile kipande cha mwanzo, pale kimelea kinapopewa nafasi nyingi za kujaribu. Mfugaji mmoja wa tumbili ni jaribio moja. Ghala lenye mzunguko wa kila wiki ni majaribio elfu kwa mwaka.

Mama Chanja

Tushuke chini sasa. Jirani yangu hapa Tabata ana tumbili amemfunga kamba kwenye mwembe, watoto wa mtaa wote wanachezea. Na mwanangu ameniletea ndege watatu wa kununua sokoni. Nifanye nini, nisilete ugomvi?

Fundi Vizimba

Dada, kwa ndege: usifagie kavu. Hiyo ni sheria yangu ya kwanza na nimeilipia. Nyunyiza maji yenye sabuni au dawa ya madoa, subiri, ndiyo ukusanye, na kizimba kisikae chumba cha kulala. Akianza kuvimba manyoya na kuharisha kijani, usimpe mtoto amuuguze mkononi. Na mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi, mwambie daktari kuwa mnafuga ndege. Hilo sentensi moja ningelisema 1998 pengine nisingemaliza dozi ya bure.

Kwa tumbili: aking'ata au kukwaruza, maji yanayotiririka na sabuni robo saa kamili, siyo kupitisha tu, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Msipake majivu wala mafuta ya breki. Na jirani mwambie kwa upole kwamba kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na tumbili akishakuwa dume la kukomaa atamng'ata hata yeye anayemlisha. Ukimtaja mwanae anayemchezea atakusikia zaidi kuliko ukitaja sheria.

Mama Chanja

Mafuta ya breki nimecheka ila nimeona kwa macho yangu 🙌🏽

Dogo wa Mazimbu

Mkuu, swali la mwisho nikalale. Tumeongelea magonjwa ya watu na vyura. Kwa mifugo je? Kobe kwa mfano, kobe ana nini cha kuidhuru mifugo?

Fundi Vizimba

Kobe mwenyewe mpole, hana neno. Shida anachobeba.

Wale kobe wa madoa kama chui, wa porini, walikuwa wanakuja na kupe. Unamgeuza, unachungulia kwenye mkunjo wa mguu wa nyuma na pale shingo inapoingilia, unawakuta wamejipanga, walioshiba wakubwa kama mbegu za nyonyo. Baadhi ya kupe wa jamii hiyo wanabeba maji moyo. Wafugaji humu mnaujua: mbuzi yuko mzima asubuhi, jioni anazunguka duara, anatafuna hewa, analala upande anapiga miguu, basi. Ukimpasua, mfuko wa moyo umejaa maji. Sisi ng'ombe wetu wa asili wanavumilia. Marekani bara ugonjwa huo hawana, na ng'ombe wao hawajawahi kuuona.

Miaka ya mwisho ya tisini watafiti wa Florida wakaanza kuwakuta kupe wa Kiafrika kwenye majengo ya waagizaji wa mijusi na kobe, na wengine, waliofika na kobe kutoka Zambia, walikuwa na vimelea vya maji moyo ndani yao. Machi 2000 Marekani ikafunga kobe wa aina tatu kutoka Afrika, huyu wa madoa akiwamo. Watu walidhani ni huruma kwa kobe. Ilikuwa ni hofu ya ng'ombe.

Maboksi yetu ya kobe yalikuwa yanaandikwa kwa wino mweusi upande wa mbele. Nilikuwa nasoma yale maandishi ili nijifunze Kiingereza. Mengi yalisema Miami.

Mzee wa Leseni

Kupe wa kobe nawajua. Tulikuwa tunawapaka mafuta ya taa kwa brashi usiku kabla ya kupakia, ili forodha wasiwaone. Aliye nje anadondoka. Aliyeingia ndani kabisa ya mkunjo hafi, anajificha tu.

Fundi Vizimba

Najua mzee. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili, baada ya kufagia. Brashi ya rangi, ya inchi mbili.